Tafakari ya Juma: Mizunguko Minane ya Nati



Ni desturi njema katika parokia zetu kwamba Mkristo anapojaliwa kupata chombo cha usafiri, iwe pikipiki, bajaji au gari, hukileta uwanjani mwa kanisa ili kibarikiwe. Tunasali, tunanyunyiza maji ya baraka, tunamwombea dereva na abiria wake, kisha watu wanapiga vigelegele. Tunaipenda desturi hii, wala hatuna nia ya kuipunguza. Hata hivyo, kwa muda sasa tumejizoeza kuongeza swali moja kila tunapoletewa gari lililovishwa rimu mpya zinazong'aa: je, nati zake zinashika mizunguko mingapi? Wengi hucheka wakidhani Padri anatania. Hatutanii. Baraka haiondoi wajibu wa kukaza nati, kama vile sala ya kabla ya chakula isivyoondoa wajibu wa kunawa mikono. Juma hili tungependa kuwaeleza tulikolitoa swali hilo, kwa maana tulilipata pamoja na fundisho juu ya imani tunayoirithi kutoka kwa wazazi wetu.

Mwaka 2023, katika miezi ya kiangazi cha Ulaya, tulitumwa kushika nafasi ya paroko aliyekwenda likizo katika eneo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Eneo hilo lina historia yake katika utengenezaji wa magari. Kampuni ya Lotus, iliyoanzishwa na mhandisi Colin Chapman, ilihamia Hethel, karibu na mji wa Norwich, mwaka 1966, mahali palipokuwa uwanja wa ndege za kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kabla ya hapo, mwaka 1957, Chapman alikuwa ametoa gari dogo, jepesi, la watu wawili, lililoitwa Seven. Gari hilo liliuzwa pia vipande vipande, mnunuzi akajiundie mwenyewe nyumbani, kwa sababu vipande havikutozwa ile kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Mwaka 1973 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuendelea kuitengeneza Seven. Unafuu wa kodi ulikwisha, lakini mapenzi ya watu ya kujiundia magari hayakukwisha. Hadi leo yapo makampuni madogo yanayouza fremu na bodi za magari ya namna hiyo. Mnunuzi hutafuta gari kuukuu la kutolea injini, gia na vitovu vya magurudumu. Ford Sierra, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1982 hadi 1993, limetoa viungo vyake kwa magari mengi ya aina hii.

Katika parokia ile tulifahamiana na mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, ambaye kila baada ya Misa ya asubuhi alitukaribisha chai. Ndani ya banda lake mlikuwa na gari la namna hiyo, lililoundwa na mwanawe kwa miaka kadhaa ya jioni na Jumamosi. Mwana huyo alilikamilisha, akalipeleka kwenye ukaguzi ambao tangu mwaka 2009 hujulikana kwa jina la IVA, likapita na kusajiliwa. Kisha akanunua magurudumu manne ya rimu za aloi ya alumini, zile ambazo vijana wetu huziita rimu za spoti, ili aziweke mahali pa rimu za chuma zilizotoka kwenye Sierra. Hakuwahi kuzifunga. Ugonjwa ulimkuta, na mauti yakafuata. Magurudumu yale yalibaki yametundikwa ukutani yakiwa katika nailoni zake.

Aliacha mke na mtoto mmoja wa kiume, ambaye wakati tunafika alikuwa ametimiza umri wa miaka 17 na kupata leseni. Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilipangwa kuwa Jumamosi. Kijana alikuwa na nia moja tu: kumleta mama yake kanisani ndani ya gari la baba, likiwa limevaa magurudumu ambayo baba alitamani kuyaona yakizunguka. Jumatano tuliwakuta bandani, magurudumu yakiwa tayari yamefungwa.

“Zimekaza, Babu,” alisema kijana, akalishika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa. Halikucheza.

“Zimekaza,” mzee akajibu. “Sasa zifungue, kisha uzirudishe kwa vidole, polepole, huku ukihesabu.”

Kijana alihesabu. Nati ya kwanza ilishika mizunguko mitano ikagota kwenye rimu. Ya pili mitano. Ya tatu mitano. Mzee akavua miwani yake, akaifuta, akasema kwamba gari haliendi popote na magurudumu hayo.

Hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji asiye fundi, kwa maana bila kuelewa jambo hili hataelewa yanayofuata. Kwenye kitovu cha gurudumu huchomoza vyuma vya mviringo vyenye hesi, ambavyo mafundi wetu huviita stadi. Rimu huvishwa juu ya stadi hizo, kisha nati hufuata na kuibana. Rimu ya kawaida ya chuma ni bati lililogandamizwa, na pale nati inapokalia unene wake ni milimita chache tu. Alumini ni laini kuliko chuma, hivyo rimu ya aloi hufanywa nene zaidi mahali hapo. Unene huo hula urefu wa stadi, na nati hubakiwa na hesi chache za kushika. Stadi za gari lile zilikuwa na kipenyo cha milimita 12, na kwa kila mzunguko nati ilisogea milimita moja na nusu. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi yenyewe. Ukigawanya 12 kwa moja na nusu unapata mizunguko 8. Hapa palikuwa na mitano.

Wengi wetu hudhani kwamba gurudumu huning'inia kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Mzee alitueleza kwamba sivyo. Nati inapokazwa huivuta stadi, nayo hunyooka kwa kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Mvuto huo hulibana gurudumu dhidi ya kitovu, na ni mbano huo, pamoja na msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa, unaobeba uzito wa gari na nguvu za breki. Mbano ukipungua, gurudumu huanza kucheza, stadi hupindwa huku na huku katika kila mzunguko, na mwisho huchoka na kukatika. Nati iliyoshika hesi tano inaweza kukaza na kutoa sauti ileile ya nati iliyoshika nane. Tofauti huonekana barabarani, breki zinapokamatwa ghafla au kwenye kona kali.

Kijana hakubishana na hesabu. Alibishana na jambo jingine.

“Stadi hizi Baba alizifunga mwenyewe,” alisema. “Na mkaguzi alizipitisha.”

Tulielewa wakati ule kwamba mazungumzo hayakuwa tena juu ya vyuma. Kuzitoa stadi zile kulimaanisha kufungua vitovu, kuzisukuma nje moja baada ya nyingine, na kuweka nyingine mahali pake. Zilikuwa 16. Kwa kijana yule kila moja ilikuwa kazi ya mikono ambayo haitarudi tena. Kusema kwamba hazifai kulikuwa, masikioni mwake, sawa na kumsema marehemu.

Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu kwa upole. “Baba yako alizipima kwa rimu za chuma, na kwa rimu za chuma zilitosha. Mkaguzi naye alizipitisha zikiwa na rimu za chuma. Hakuna kati yao aliyeyafunga magurudumu haya. Tunayafunga sisi.” Akanyamaza tena, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: “Mwanangu nimeshamzika. Mke wake hatakaa kwenye kiti kile juu ya mizunguko mitano.”

Kijana alitoka nje bila kujibu. Nasi hatukumfuata. Yapo machozi yanayohitaji kuachiwa nafasi, na padri anayekimbilia kuyafuta huyazuia yasifanye kazi yake.

Asubuhi iliyofuata alirudi na wazo jipya. Kama fupi hazifai, basi zinunuliwe zile ndefu kabisa, za magari ya mashindano, ili suala hilo lisijirudie tena. Alikuwa amechagua pia nati za kupendeza zilizozibwa kwa juu kama kofia. Mzee hakumkatalia kwa maneno. Alitafuta katika makopo yake stadi moja ndefu, akaiweka kwenye kitovu, akavisha gurudumu, akafunga nati moja iliyozibwa, akaikaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi ikalia “klik”, ishara kwamba imefika kiasi kilichoandikwa kitabuni. Kisha akalitikisa gurudumu kwa mkono mmoja. Lilicheza. Ncha ya stadi ilikuwa imegota kwenye kofia ya nati. Spana ilikuwa imepima nguvu ya stadi kuisukuma nati, na gurudumu lenyewe halikuwa limebanwa hata kidogo.

“Fupi itakuangusha,” mzee alisema, “na ndefu kupita kiasi itakudanganya.”

Baada ya hapo walikaa chini wakapima. Walipima unene wa rimu na kina cha nati, wakaandika kwenye kipande cha boksi sifa za stadi wanayoihitaji: urefu wa kutosha ili nati ishike mizunguko 10 na bado ibaki nafasi ndani ya kofia, hesi zilezile za milimita 12 kwa moja na nusu, shingo yenye mikato ya kung'ang'ania, iliyo na kipenyo kinacholingana na tundu la kitovu, kwa sababu shingo nyembamba itazunguka ndani ya tundu na shingo nene itakipasua kitovu, na daraja la ugumu la 10.9. Nati nazo zilipaswa kuwa na mdomo wa umbo lilelile la shimo la rimu, koni kwa koni. Orodha ilikuwa fupi, lakini iliwachukua asubuhi nzima, na tuliona jinsi babu na mjukuu walivyoanza tena kusikilizana juu ya kipande kile cha boksi.

Stadi hazikufika kabla ya Jumamosi. Kijana alizirudisha rimu za chuma pamoja na nati zake za zamani, akahesabu mizunguko bila kuambiwa, na gari likaja kanisani likiwa na rimu zenye kutu pembeni. Mama yake alishuka, akatengeneza kitambaa chake, akaingia Misani. Hatukumsikia akiuliza habari za rimu. Juma lililofuata vitovu vilifunguliwa. Stadi mpya ziliingizwa kutoka nyuma kwa mashine ya kugandamiza, zikiwa zimenyooka. Nati zikakazwa kwa mkingamo, hesi zikiwa kavu bila mafuta. Walipokwisha kutembea kiasi cha kilomita 80, kijana alilisimamisha gari na kuzikaza tena kwa spana ya kipimo, kwa sababu rangi na vumbi vilivyo katikati ya nyuso mbili hujibana katika safari za kwanza na mbano hupungua. Stadi za baba yake alizifunga katika kitambaa na kuziweka kwenye droo ya vifaa.

Wapendwa taifa la Mungu, katika sura ya 54 ya kitabu cha Isaya, nabii anazungumza na Yerusalemu kama mwanamke aliyekuwa tasa, ambaye sasa Mungu anamjalia watoto wengi. Anamwagiza alipanue hema lake. Na mara moja, katika agizo hilohilo, anamwambia arefushe kamba na kuviimarisha vigingi. Mungu hamwachi apanue hema kisha abaki na kamba zilezile za zamani. Hema lililotosha watu wawili lilishikiliwa vema na kamba za watu wawili. Kamba hizo hazikuwa mbaya. Upepo utakaoligusa hema kubwa ndio utakaozishinda.

Hapo ndipo tunapoiona hali yetu. Wengi wetu tulipokea imani tukiwa wadogo, kutoka kwa wazazi na makatekista waliotufundisha kwa uaminifu mkubwa, mara nyingi chini ya mwembe na kwa kitabu kimoja kilichosomwa na watoto ishirini. Walichotupa kilitosha kwa mzigo tuliokuwa nao. Kisha tukakua. Tukapata elimu, kazi, ndoa, watoto, vyeo, madeni, misiba. Magurudumu yamebadilika, na pale yanapokutana na moyo yamekuwa mazito na mapana zaidi, lakini bado tunayashikilia kwa katekisimu ya Komunyo ya Kwanza. Mtu akituambia tujifunze zaidi, tunajibu kama kijana yule: hivi ndivyo baba alivyoniachia, na askofu alishanipa Kipaimara. Ni kweli. Lakini aliyetuachia hakuuona mzigo tulionao leo. Kumheshimu ni kuuliza alikuwa akilinda nini, kisha kukilinda kwa urefu unaohitajika sasa. Baba yule alifunga stadi ili wapendwa wake wasafiri salama. Mwanawe alizibadilisha kwa sababu hiyohiyo.

Tuangalie mfano ulio karibu nasi. Kamati ya harusi hukaa vikao miezi minne au mitano. Hupangwa ukumbi, mapambo, keki, mshereheshaji, magari ya msafara. Hayo si dhambi, kwa maana furaha ya ndoa ni ya Mungu pia. Lakini maharusi haohao wanapoitwa kwenye mafundisho ya ndoa, huomba yamalizwe kwa siku mbili kwa kuwa wana shughuli nyingi. Hizo ni rimu za kung'aa juu ya stadi fupi. Siku ya arusi kila kitu kitaonekana kimekaza. Mtihani huja baadaye, kazi inapopotea, mtoto anapochelewa au ndugu wanapoingilia kati.

Ipo pia hatari ya pili, ambayo mzee alituonyesha kwa nati yenye kofia. Tunaye Mkristo ambaye hakosi novena, ana sare ya kila chama cha kitume, na jina lake limo katika kila kamati. Kwa nje kila kipimo kinalia “klik”. Lakini nyumbani mke hasemeshwi, mfanyakazi wa ndani hajalipwa miezi mitatu, na jirani katika Jumuiya Ndogo Ndogo anaogopa kumgongea hodi. Ibada yake imegota juu ya kofia na haijamshika yeyote. Hatumwambii apunguze sala. Tunamwomba apime sala zake zinagusa nini.

Tena, tukumbuke zile kilomita 80. Sisi wachungaji, pamoja na wazazi, wasimamizi na jumuiya, tunawajibika kurudi kuwatembelea maharusi wapya na vijana waliopokea Kipaimara katika miezi ya mwanzo, kabla chochote hakijalegea. Kwa sababu hiyo tunaziomba jumuiya zetu zote, kuanzia juma hili, zipange kuwatembelea wana ndoa walioarusiwa mwaka huu, nyumba kwa nyumba, pasipo hotuba ndefu.

Na kwa wale wenye magari, neno letu ni jepesi. Unapobadilisha rimu, funga nati kwa vidole na uhesabu. Kama stadi ni za milimita 12 zenye hesi za moja na nusu, usikubali mizunguko chini ya 8. Kama ni za vipimo vingine, mwombe fundi akupigie hesabu ileile. Usimruhusu akuongezee vipande vya kusogeza gurudumu nje bila kupima upya, wala akuchomelee stadi kwa moto. Zingatia kwamba wanaopanda gari lako hawawezi kuziona nati zako, nao wamekuamini. Kisha ulilete gari kanisani, nasi tutalibariki kwa furaha yote.

Mwenyezi Mungu awalinde njiani na nyumbani, na Bikira Maria, Mama wa wasafiri, awaombee. Tunawatakia Dominika njema yenye baraka tele.

Tumsifu Yesu Kristo.